Tembo wa Shangazi

Picha niliituma saa saba na dakika kumi mchana, gari limesimama si mbali na Seronera. Tembo dume, peke yake, ubavu wa kulia umetuelekea, mkonga umezungushiwa tawi la mgunga kama mtu anayejaribu kufungua mlango wa watu. Niliitupia kwenye kundi la familia la WhatsApp bila neno lolote. Binamu zangu wa Mwanza wakajibu kwa mioyo na kunitania kwamba siku hizi nakula bata. Kisha ukaja ujumbe wa binamu yangu mwingine, yule anayeishi kijijini na mama yake: "Mama anauliza sikio la kushoto likoje."

Nikajibu kwa kicheko, nikarudi dirishani. Sikujua nilikuwa nimeulizwa swali la maana kuliko yote niliyoulizwa siku ile.

Tulikuwa kumi na mmoja, kikoba kizima: walimu, fundi simu, wauza duka wawili, na vijana watatu wanaofanya vibarua vya mkataba mgodini. Wote wa Kewanja na vitongoji vya jirani. Kwa asiyekujua kwetu, ni kule Nyamongo, wilaya ya Tarime, ambako ukisimama uani asubuhi unaona vilima vya aina mbili: vile alivyoviweka Mungu, na kile cha mawe taka ya dhahabu. Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba unatoka Mara, atakuuliza mara moja kama huwa mnakwenda Serengeti kila mwisho wa wiki. Kati yetu kumi na mmoja, hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia. Tuliijua Serengeti kama wengine wanavyoijua: kwenye kalenda, kwenye chupa ya bia, na kwenye majina ya watu waliofungwa.

Tulichagua Nanenane kwa sababu ni sikukuu na shule zingine zilikuwa zimefungwa. Tulikodi Hiace, tukapika wali na kuku usiku wa kuamkia safari, tukavuka mto Mara kabla jua halijachomoza, tukashika barabara ya Mugumu hadi lango la Ikoma. Hapo ndipo dereva alipotuambia jambo ambalo lilituchekesha hadi machozi. Nyumbu wa kwenye matangazo, wale zaidi ya milioni moja, mwezi wa nane hawako Seronera. Wako kaskazini, upande wa Kogatende, wanavuka mto Mara. Yaani walikuwa wamekwenda kwetu. Sisi tumelipa nauli kuwafuata kusini, wao wamepanda juu.

Langoni, Mtanzania alilipa shilingi elfu kumi na kodi juu yake. Mgeni wa nje, dola 70 na kodi yake. Mwalimu wetu wa hisabati akapiga hesabu pale pale kwamba Mzungu mmoja ni sawa na sisi wote na chenji inabaki. Alisema kwa utani, lakini neno lile lilitembea nasi ndani ya gari. Ukikutana na gari la kitalii lililofunguliwa juu, wenyewe wamesimama na kamera za shingo ndefu, na wewe uko kwenye Hiace unamenya yai la kuchemsha, unajihisi kama uko ndani ya nyumba yenu lakini umekaribishwa na wapangaji.

Sitaki kujifanya kwamba siku ile haikunifurahisha. Ilinifurahisha sana. Tuliona viboko wamelaliana kama magunia, twiga akivuka barabara kwa madaha, na pimbi wa kwenye miamba ya kituo cha wageni waliotaka kutunyang'anya chapati. Tulipofika kwenye mti mmoja tulikuta foleni ya magari, injini zinanguruma, na juu ya tawi chui amelala miguu inaning'inia. Mwenzetu mmoja akanong'ona, "Ni milia au madoa?" Akazomewa. Chui milia hayupo Afrika; yuko India na nchi za huko. Lakini ameshakaa kwenye vitabu vya hadithi tulivyosomea, kiasi kwamba mtu anaweza kukua saa mbili tatu tu kutoka kwa chui wa kweli na bado akamjua vizuri zaidi yule wa milia.

Tembo tulimkuta baada ya hapo. Nilipomwona, kifua kilijaa. Sina neno lingine. Niliwahi kuona mavi ya tembo, nyayo za tembo na shamba lililopitiwa na tembo, lakini tembo mwenyewe, mchana, akiwa katika shughuli zake, sikuwahi. Nilipiga picha ile huku mkono unatetemeka kidogo.

Jioni, mtandao uliporudi baada ya Mugumu, nikampigia binamu. "Ulikuwa unasema nini kuhusu sikio?"

"Yule wetu," akasema, "lile la kushoto limechanika."

Shangazi, dada yake baba yangu, aliolewa karibu na mpaka wa hifadhi, mbali kidogo na Kewanja, ambako ukilima unalima ukijua una wabia. Analima mahindi, mtama na viazi vitamu. Mazao yakianza kukomaa, familia huhamia shambani. Wanajenga dungu, jukwaa la miti lenye paa la nyasi, na usiku mtu hukaa humo na tochi, debe la kupiga na moto chini. Wamejaribu kamba zilizopakwa oili chafu na pilipili. Wamejaribu kuchoma kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na pilipili. Tembo mzima anaweza kula hadi kilo mia na hamsini za majani kwa siku. Kwake mahindi ya ekari mbili ni jambo la usiku mmoja, tena anakanyaga zaidi ya anachokula.

Miaka mitatu iliyopita binamu yangu alikuwa zamu. Tembo alikuja kutoka upande usiotarajiwa, nyuma ya dungu, na miti ikaanza kulia. Akaruka, akakimbia gizani, akatumbukia korongoni. Nyonga ilivunjika. Leo anatembea kama mtu anayehesabu hatua. Hawakuwahi kuomba chochote popote, kwa sababu kila walipokaa kuandika maelezo walikwama mahali pale pale: nani alimvunja, tembo au korongo?

Na mimi nilimtumia picha ya tembo, mchana wa sikukuu, kana kwamba namtumia keki.

Tangu siku ile nina swali ambalo halijaniacha. Je, kuna kosa katika kutazama? Waswahili husema macho hayana pazia, na wana maana kwamba kuangalia hakumpunguzii mtu kitu. Ukitazama mwezi, haupungui. Ukitazama nyumba nzuri ya jirani, haibomoki. Dereva wetu, mtu wa Mugumu mwenye busara zake, aliniambia nilipomwuliza kwamba mimi ndiye niliyefanya jambo jema: elfu kumi yangu inalipa askari, askari anamlinda tembo, tembo anabaki. "Kaka, usipokuja wewe, wanyama hawa wamekwisha." Hoja hiyo ina uzito. Baada ya biashara ya pembe kupigwa marufuku kimataifa mwaka 1989, na ulinzi kuongezeka, tembo wa Serengeti waliokuwa wamebaki wachache sana walianza kuongezeka tena. Bila watazamaji na fedha zao, pengine pale kwenye mgunga kungekuwa na mgunga tu.

Lakini hoja ya dereva inahesabu upande mmoja wa daftari. Mimi nililipa langoni na kuonyeshwa tembo. Tembo yuleyule, au ndugu yake, hula kwa watu ambao hawakupita langoni na hawakuonyeshwa chochote. Furaha yangu ina gharama mbili. Moja nililipa mimi, nikapewa risiti. Nyingine inalipwa na watu wa kule kwa shangazi, kwa mahindi na kwa usingizi, na risiti yao ni nyayo.

Watu wa nchi nyingine wanalijua jambo hili. Huko Sundarbans, msitu wa mikoko kati ya India na Bangladesh, chui milia bado huua wavuvi na warina asali. Kabla ya kuingia msituni, Wahindu na Waislamu wa huko humwomba Bonbibi, bibi mlinzi wa msitu, awarudishe salama. Katika miaka ya themanini waliwahi kuvaa vinyago vya sura ya mtu kisogoni, kwa kuwa chui hushambulia kwa nyuma. Wakitumaini atadhani anaangaliwa. Hilo nalifikiria sana. Mtalii anakwenda kumtazama chui. Mrina asali anavaa uso wa bandia ili chui adhani anatazamwa. Kwa mmoja kutazama ni starehe, kwa mwingine ni ngao. Na India ina haki ya kujivunia chui wake: tangu mpango wa kuwalinda ulipoanza mwaka 1973 idadi imepanda, hadi makadirio ya mwaka 2022 yakafika zaidi ya elfu tatu na mia sita. Katika takwimu hiyo, waliovaa vinyago hawaonekani.

Kwetu pia picha zimezoea kuwaacha watu nje. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mwaka 1959 Wamaasai waliokuwa wakiishi ndani yake walihamishiwa Ngorongoro. Mwaka huohuo ilitoka filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, iliyoifanya dunia nzima iipende Serengeti, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Oscar. Michael mwenyewe hakuiona ikikamilika. Ndege yake ndogo yenye michirizi ya pundamilia ilianguka Januari 1959 baada ya kugongana na tai mzoga, akazikwa kwenye ukingo wa Ngorongoro. Siwezi kumdharau mtu aliyekufa kwa ajili ya anachokipenda. Lakini upendo ule ulitaka nchi tupu. Waikoma, Wanata, Wangoreme na Wakurya waliokuwa wakilisha, wakiwinda na kuzika wafu wao pembezoni mwa nyika ile hawakuwa sehemu ya kilichokuwa kikiombewa kisife.

Halafu yuko Nyerere, mtu wa Butiama, mkoa wetu. Ni yeye aliyetoa tamko la Arusha la Septemba 1961, miezi michache kabla ya uhuru, akiahidi kwamba wanyamapori watatunzwa kwa ajili ya wajukuu wa watoto wetu. Na ni yeye anayesimuliwa kusema kwamba binafsi wanyama hawamvutii na hangetumia likizo yake kutazama mamba. Wengine hutaja hili kama kichekesho, au kama ushahidi kwamba alisaini tu kuwaridhisha wafadhili. Mimi naona kuna heshima ndani yake. Alikubali kulinda kitu ambacho hakikumpa raha yoyote. Sisi kwenye Hiace tulikuwa kinyume chake: tulipata raha ya kitu ambacho hatukukilinda. Shangazi hana raha wala cheo, na ndiye anayelipa. Ukiwaweka watatu hao kwenye benchi moja, sioni ni kwa haki gani mimi niliyefika mwisho ndiye ninayerudi nyumbani na picha.

Kinachonisumbua zaidi ni maneno tunayotumia. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka malipo kwa walioumizwa na wanyama wakali: shilingi milioni moja kwa familia ya aliyeuawa, kwa mazao, kiasi kwa ekari, juu kabisa laki moja, kwa ekari zisizozidi tano. Kadiri shamba lilivyokuwa karibu na mpaka wa hifadhi ndivyo malipo yalivyoshuka, kana kwamba kuishi karibu na tembo ni uzembe. Malipo hayo hayaitwi fidia. Yanaitwa kifuta jasho, na kwa aliyefiwa, kifuta machozi.

Lugha yetu ni tajiri na hapa ilitumika kwa ujanja. Fidia maana yake nimechukua chako, nakirudishia thamani yake. Kifuta machozi maana yake naona unalia, shika leso. Katika fidia kuna mdaiwa. Katika kifuta machozi hakuna; kuna mwenye huruma na mwenye msiba tu. Anayekupa leso hawezi kuulizwa kwa nini leso ni ndogo.

Wakurya ni watu wa ng'ombe, na ng'ombe wametufundisha sheria hii vizuri kabla ya mahakama. Ng'ombe wako akila mahindi ya jirani, huendi kwake na leso. Unaitwa mbele ya wazee, shamba linakaguliwa, unalipa. Mwenye mnyama ndiye mwenye deni la mnyama. Ndiyo maana kule kwa shangazi watu hupiga simu kwa askari wa wanyamapori na kusema, "Njooni mchukue ng'ombe wenu." Si matusi. Ni hoja ya kisheria.

Ila hoja hiyo ina ncha inayonichoma mimi. Tembo si ng'ombe wa askari. Wanyamapori ni mali ya umma, na umma ni pamoja na yule wa Hiace. Pale Seronera, tembo alipovunja tawi, sote tulisema "tembo wetu", na mmoja wa vijana wa mgodini, ambaye huwa hapendi siasa, alisema "Tanzania ina vitu" kwa sauti iliyokaribia kulia. Ikiwa ni wetu kwenye picha, basi ni wetu na kwenye mahindi. Sioni namna ya kuchukua nusu. Aliyefurahia umiliki mchana hawezi kuukana usiku, miti ya dungu inapoanza kulia.

Kuna atakayesema basi waondolewe, uzio ujengwe, mambo yaishe. Sitaki, na najua sitaki kwa sababu ya kile kifua kilichojaa. Isitoshe mikono yangu si safi upande wa pili pia. Nilipokuwa mdogo tulikula kimoro, nyama kavu ya porini, ikiletwa usiku na kufichwa chini ya mtama. Ilikuwa tamu. Mzee mmoja wa ukoo wetu alifungwa kwa ajili ya nyama hiyo na alirudi amezeeka ghafla. Kwa hiyo ninadaiwa na nyumbu waliokufa kwa waya ili nile, ninadaiwa na mzee aliyefungwa, na sasa ninadaiwa na shangazi. Mtu anaweza kuwa na madeni yanayopingana, na moja halifuti jingine. Hilo vitabu vya maadili nilivyosoma chuo havikuwa na subira nalo. Kila mara walitaka nichague nani wa kuokolewa kwenye mtumbwi.

Wiki mbili baadaye nilikwenda. Nilichukua pikipiki hadi mwisho wa njia nzuri, nikatembea kilichobaki. Nilibeba sukari, sabuni, na tochi mbili kubwa zenye betri za kuchaji, na nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi. Nilimkuta ameketi uani anapukuchua mahindi, binamu ameegemea ukuta wa ghala. Mtama ulikuwa bado shambani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mura. Umeona tumebakiza ghala."

Nikaanza maneno yangu ya radhi. Hakuyasikiliza. Akafuta mikono kwenye kanga, akanyoosha kiganja. "Lete hiyo simu."

Nilikuwa na picha saba za tembo yule. Akazipitia, binamu akimwonyesha namna ya kuvuta kwa vidole viwili. Alitazama kama fundi anavyotazama kiatu: pembe ya kulia, kwamba imechongoka kuliko ya kushoto, mkia, kwamba umepungua nywele, namna anavyoweka uzito kwenye mguu wa mbele. Mimi niliyesimama mita thelathini kutoka kwake kwa robo saa sikuwa nimeona hata kimoja. Kwenye picha ya mwisho tembo alikuwa amegeuza kichwa kidogo, na ncha ya sikio la kushoto ilionekana, nzima.

"Siyo yeye," akasema. "Wetu ana tundu hapa, mkono unapita."

Nikamwuliza ingekuwaje kama angekuwa yeye. Nilidhani atazungumzia hasira, au askari, au binamu na nyonga yake.

"Ningejua yuko mbali," akasema. "Siku ile tungelala ndani."

Akanirudishia simu, akavuta kikapu, akaendelea na mahindi. Binamu alikwishakuwasha tochi moja kati ya zile mbili na kuimulika ukutani, mchana ule, kuona mwanga wake unafika wapi.

"Mkienda tena," shangazi akasema bila kuinua kichwa, "piga upande wa kushoto."